Betri mbili kwenye paji la uso: uchambuzi wa kisa cha fundi simu wa Mwanjelwa

Kijana wa miaka 27, fundi simu katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, alifika kituo cha afya akiwa na kidonda cha duara kwenye paji la uso upande wa kulia, karibu na nywele zinapoanzia. Kilikuwa na upana wa kama sentimita moja, cheusi katikati, kigumu, kingo zimevimba kidogo. Muuguzi wa zamu alidhani ni mkanda wa jeshi, na dhana hiyo ilikuwa na msingi: mkanda wa jeshi hushika upande mmoja wa uso, hushuka kutoka kwenye nywele hadi kwenye kope, na ukifika jichoni unaweza kuondoa uoni. Lakini hapakuwa na malengelenge yaliyojikusanya wala maumivu yaliyotangulia. Tena upande wa kushoto, mahali pale pale, palikuwa na alama nyingine hafifu, ya mraba. Mkanda wa jeshi hauchori mraba.

"Kijana wangu, hapa uliwekewa nini?" tabibu akauliza.

"Niliweka mwenyewe, dokta. Ni betri. Nataka kuacha kubeti."

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Fundi huyu si mtu fulani, ila kila kosa alilofanya ni la aina inayowapata watu wenye akili na mikono mizuri wanaojitengenezea kifaa nyumbani, na hesabu zote zilizomo humu msomaji anaweza kuzirudia kwa kalamu yake. Kidonda ndicho kilichomleta, lakini ndiyo sehemu nyepesi ya kisa. Kinachostahili kuchambuliwa kwa kina zaidi ni kwamba kijana alikuwa na hakika kifaa kimemsaidia.

Mchoro aliouona

Alikuwa anabeti kwa simu kila siku, kati ya shilingi 2,000 na 10,000, mara nyingi baada ya kufunga kibanda, kuanzia saa tatu usiku. Mkeka ukichanika anaweka mwingine wa kufidia. Kodi ya kibanda ilikuwa nyuma kwa miezi miwili. Akitafuta msaada mtandaoni akakuta mchoro wa kichwa chenye vipande viwili, chekundu na cheusi, na maelezo kwamba mkondo wa miliampia 2 kwa dakika 20 hupunguza tamaa ya kamari.

Mchoro wa namna hiyo una asili yake. Mwaka 2007 Shirley Fecteau na wenzake walipitisha miliampia 2 kwenye sehemu ya mbele ya ubongo ya watu wazima wenye afya, anodi (upande chanya) ikiwa kulia na kathodi (upande hasi) kushoto. Waliopata mpangilio huo walichagua njia salama mara nyingi zaidi katika mchezo wa kamari wa maabara. Waliogeuziwa pande, na wale waliowekewa umeme wa kuigiza tu, hawakubadilika hivyo. Ni utafiti halali. Ila ulihusu watu wasio na tatizo la kamari, mbele ya kompyuta, kwa muda wa kikao. Kutoka hapo hadi kwa mtu anayedaiwa kodi, mwenye simu yenye salio mkononi saa nne usiku, ni mwendo mrefu, na mchoro wa mtandaoni haukuusema.

Mbinu yenyewe, inayofahamika kwa kifupi chake tDCS, hutumia mkondo mdogo usiobadili mwelekeo, kama ule wa betri, kupitia sponji mbili zilizoloweshwa. Sehemu kubwa ya mkondo huishia kwenye ngozi na fuvu. Kwa miliampia 2, nguvu inayofika kwenye ubongo ni chini ya volti 1 kwa mita. Kiasi hicho hakiwezi kuamrisha seli ya neva irushe ishara. Husogeza tu utayari wake, ikawa nyepesi au nzito zaidi kuitikia kile inachopokea tayari. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2000 kwamba miliampia 1 juu ya eneo linaloendesha misuli inaweza kubadili utayari huo hadi kwa asilimia 40. Chini ya anodi ulipanda, chini ya kathodi ulishuka.

Wengi hulichukua hilo kuwa kanuni ya ubongo mzima: chanya huwasha, hasi huzima. Sivyo. Mwaka 2013, Göttingen hiyo hiyo, kathodi ya miliampia 2 kwa dakika 20 ilipandisha utayari badala ya kuushusha. Kuongeza kipimo hakuongezi matokeo kwa mstari mnyoofu, na kinachoonekana kwenye eneo la misuli hakihami hivi hivi kwenda kwenye maeneo ya kufikiri.

Kifaa na hesabu yake

Jaribio lake la kwanza lilikuwa la hadhari kuliko alivyojua. Aligawanya volti 9 kwa miliampia 2, akapata ukinzani, yaani kizuizi cha mkondo, wa kilo-omu 4.5, akaunganisha rezista (kipande chenye ukinzani maalumu) ya kilo-omu 4.7 na betri moja. Kwa rezista hiyo, hata nyaya zikigusana, mkondo hauwezi kuvuka miliampia 1.9. Lakini kichwa nacho ni rezista. Kikiwa na kilo-omu 5, jumla inakuwa 9.7, na mita ikamwonyesha miliampia 0.9. Akaona umeme ni mdogo. Akaunga betri mbili mfululizo kupata volti 18, na akabadili rezista kuwa ya kilo-omu 2.2. Sasa mita ilisoma miliampia 2.5, naye akaridhika, akaondoa mita.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. Ukinzani wa ngozi haukai mahali pamoja. Ngozi ikilowa na mkondo ukianza kupita, ukinzani hushuka katika dakika za mwanzo. Ukifika kilo-omu 3, kifaa chake kinatoa miliampia 3.5. Ukifika 2, kinatoa 4.3. Mita iliyosomwa mara moja mwanzoni ilimpa namba ya chini kabisa ya kikao kizima. Kifaa halali hufanya kinyume: hushikilia mkondo uleule na kuacha volti ipande au ishuke, kikiwa na kikomo cha volti na mlango wa kujizima pale mguso unapoharibika. Rezista moja haiwezi kufanya kazi hiyo.

Elektrodi zake, yaani sehemu za kupitishia mkondo kwenye ngozi, zilikuwa vipande vya sponji ya kuoshea vyombo, sentimita 3 kwa 3, vikiwa na karatasi ya alumini nyuma, vimelowekwa maji ya bomba. Sponji ya kawaida ya kazi hii ni sentimita 5 kwa 7. Fanya hesabu: miliampia 2 kwenye sentimita 35 za mraba ni 0.057 kwa kila sentimita ya mraba. Miliampia 3.5 kwenye sentimita 9 za mraba ni 0.39. Ngozi yake ilipokea karibu mara 7 ya kawaida.

Kuna jambo hapa linalowapotosha hata wasomi. Mapitio ya usalama yaliyoongozwa na Marom Bikson mwaka 2016 yalikusanya vikao zaidi ya 33,200 na hayakukuta taarifa ya madhara makubwa kwa vikao visivyozidi dakika 40, miliampia 4 na kulombi 7.2 za chaji, yaani jumla ya umeme uliopita. Fundi wetu alikaa dakika 30. Miliampia 3.5 kwa sekunde 1,800 ni kulombi 6.3. Kwa muda, kwa chaji, na kwa sehemu kubwa ya mkondo, alikuwa ndani ya mipaka hiyo, na bado aliungua. Mipaka hiyo inamhusu mtu aliyewekewa elektrodi sahihi na kifaa kinachodhibiti mkondo. Ukinakili namba na kuacha vifaa, umenakili nusu.

Kwa nini kulia paliungua zaidi

Kuungua huku si kwa joto pekee. Mkondo ukipita kwenye maji kwa mwelekeo mmoja huyachanganua: kwenye kathodi hutokea haidrojeni na alkali, kwenye anodi hutokea asidi na, penye chumvi, klorini. Sodiamu ya jasho na ya ngozi huvutwa upande wa kathodi ikakutana na alkali hiyo, na hapo ni kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Kulombi 6.3 huzalisha kama mikromoli 65 za alkali. Ndani ya sponji ndogo yenye mililita 3 za maji, kama yote ingebaki humo, pH (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) ingevuka 12. Alkali huyeyusha ngozi na kuzama. Asidi huigandisha na kuishia juu. Ndiyo maana upande wa kathodi ulipata kidonda na upande wa anodi ukabaki na alama ya mraba tu.

Alumini nayo huliwa na alkali. Karatasi ilitoboka, ukingo wake ukapenya sponji iliyokuwa ikikauka na kugusa ngozi moja kwa moja, mkondo ukajikusanya kwenye ncha. Umbo la duara la kidonda ni la ncha hiyo. Elektrodi ya kawaida ni mpira wenye kaboni uliofunikwa na sponji nene pande zote, kwa sababu unene huo huweka kemikali mbali na ngozi.

Maji ya bomba yaliongeza tatizo. Yana chumvi kidogo, hupitisha umeme vibaya, na sponji inapokauka pembeni mkondo wote hupitia vidoa vilivyobaki na unyevu. Mbeya ni mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake kina hewa kavu na ngozi iliyokauka kwa baridi. Sponji ndogo haifikishi dakika 30 ikiwa bado imelowa.

Aliona vimulimuli machoni kila alipounga na kuchomoa waya. Hiyo ni retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, ikishtuliwa na mkondo unaoanza na kukatika ghafla karibu na jicho. Kifaa halali hupandisha mkondo polepole kwa sekunde 30 na kuushusha vivyo hivyo. Kuhusu maumivu, alisema kuchoma kulikuwa kukiisha baada ya dakika chache, akaona mwili umezoea. Hisia hupungua kwa kila mtu, na ngozi inaweza kuharibika bila kuuma. Ukimya wa ngozi usichukuliwe kuwa ruhusa.

Jambo moja tunalisisitiza kwa watabibu na watafiti wa nchini. Miongozo mingi inasema kagua wekundu baada ya kikao. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tumia mgongo wa kidole kupima joto ukilinganisha pande mbili, bonyeza kuangalia uvimbe, tazama kwa mwanga wa pembeni kama ngozi inang'aa au imekuwa na rangi iliyoiva kuliko jirani yake, na muulize mgonjwa kama anaposafisha uso panawasha. Dalili hizo zingeonekana kwa kijana huyu usiku wa pili au wa tatu. Yeye aliendelea kwa usiku 11.

Kushoto na kulia, mbele na nyuma

Mchoro aliofuata ulionyesha kichwa kikimtazama msomaji, kwa hiyo kilicho kulia kwenye picha kiko kushoto kwa kichwa chenyewe. Aliweka anodi kushoto na kathodi kulia. Huo ndio mpangilio uliogeuzwa, ambao hata katika utafiti wa 2007 haukupunguza kuthubutu.

Pia alikwepa nywele. Alipima vidole viwili juu ya nyusi na kuweka sponji kwenye ngozi tupu. Mahali palipokusudiwa, kituo kinachoitwa F4 kulia na F3 kushoto, kiko ndani ya nywele kwa watu wengi. Hupatikana kwa tepu ya fundi cherehani. Pima kutoka kishimo cha juu ya pua, katikati ya macho, kupita utosini hadi kinundu cha kisogo. Tuseme ni sentimita 36. Asilimia 10 kutoka puani, yaani 3.6, ndipo tepu ya mzunguko inapopita mbele. Asilimia 30, yaani 10.8, ni Fz, katikati ya kichwa. Kisha zungusha tepu kichwani kupitia ile alama ya 3.6, juu ya masikio, hadi juu kidogo ya kinundu cha kisogo, kwa kiwango kilekile cha asilimia 10. Mzunguko ukiwa sentimita 56, asilimia 15 kuelekea kulia ni 8.4, hapo ni F8. Katikati ya F8 na Fz, ukifuata mkunjo wa kichwa, ni F4. Sponji zake zilikuwa sentimita kadhaa mbele ya hapo, na kuhama kwa sentimita moja tu kunatosha kubadili njia ya mkondo.

Nywele zilizonyolewa chini hazina shida, unalowesha na kutenganisha kwa kidole. Rasta, nywele za kusuka na za kuunganisha huinua sponji juu ya ngozi, mguso unakuwa wa vidoa, na ndipo vidonda huanzia. Mwombe mtu afumue siku moja kabla, aoshe, asipake mafuta. Asipotaka kufumua, usimlazimishie sponji.

Je, ilimsaidia?

Alisema alikuwa anabeti kila siku, na katika usiku wote 11 alibeti mara mbili. Hilo si dogo, na hakuwa anadanganya. Miamala ya simu yake ililingana na maneno yake. Lakini angalia kalenda. Usiku huo 11 uliangukia kwenye mapumziko ya timu za taifa, ligi kubwa za Ulaya zikiwa zimesimama. Mikeka yake karibu yote ilikuwa ya ligi hizo. Pesa yake ya wiki ya kwanza ilikuwa imeishia kwenye betri na vifaa. Na saa tatu usiku, saa ileile ya kubeti, mikono yake ilikuwa imeshika sponji na macho yakiangalia saa. Hata kama betri zingekuwa zimekufa, sababu hizo tatu zingetosha kushusha idadi.

Ongeza matarajio. Mtu aliyejifunga nyaya kichwani na kuhisi mwasho anaamini kuna kinachofanyika, na imani hiyo hubadili tabia. Ndiyo sababu utafiti wowote wa maana huwa na kundi la umeme wa kuigiza: mkondo unapandishwa kwa sekunde 30 ili mtu ahisi mwasho, kisha unashushwa na kubaki sifuri hadi mwisho wa dakika 20, na anayempima asijue nani kapata upi.

Alikuwa pia na kipimo chake: mchezo wa simu wa kugusa duara linapotokea. Alianza na milisekunde 410, akafika 340. Akaona ubongo umenolewa. Hapa kuna makosa mawili. La kwanza ni kwamba mtu yeyote anayerudia mchezo kwa siku 11 ataongeza kasi, awe na umeme au asiwe nao. La pili ni zito zaidi: kasi ya kutenda si uwezo wa kujizuia. Vinaweza hata kupingana.

Kujizuia kwa maana finyu hupimwa kwa kazi ya ishara ya kusimama. Mtu anabonyeza kushoto au kulia kufuata mshale. Katika kama robo ya majaribio, baada ya mshale, hutokea mlio unaomtaka asibonyeze. Akifaulu kusimama, mlio unaofuata unacheleweshwa kwa milisekunde 50 zaidi. Akishindwa, unawahishwa kwa kiasi hicho. Hivyo kipimo humfikisha kila mtu mahali anapofaulu nusu na kushindwa nusu. Ukitoa wastani wa kuchelewa kwa mlio kwenye wastani wa muda wa kubonyeza, unapata muda anaohitaji kusimama. Mfano: 520 kutoa 280 ni milisekunde 240. Vijana wenye afya wengi huwa kati ya 200 na 250. Mtu anaweza kuwa mwepesi wa kubonyeza na mzito wa kusimama, na mchezo wa fundi usingeliona hilo kamwe.

Bado tatizo halijaisha. Kuzuia kidole kwa robo ya sekunde ni kitu kimoja. Kukataa mkeka wakati unadaiwa kodi ni kingine. Kubeti kunahusu zaidi namna mtu anavyopima faida ya sasa dhidi ya ya baadaye. Umpe uchaguzi wa shilingi 10,000 leo au 25,000 baada ya mwezi, uone anapogeukia. Na kunahusu kulishikilia lengo akilini wakati kishawishi kipo. Kazi hizi zinategemea mitandao tofauti ya ubongo, na alama za vipimo vya kompyuta hazilingani sana na majibu ya watu kuhusu maisha yao. Mtu akikuambia kifaa kinaongeza "nidhamu ya ubongo", muulize ipi, na imepimwaje.

Kuhusu ushahidi kwa jumla, mwaka 2015 Jared Horvath na wenzake walichambua tafiti za kikao kimoja kwa watu wenye afya na hawakupata athari ya kutegemewa kwenye uwezo wa kufikiri. Njia yao ya uchambuzi ilipingwa na wengine, na mjadala una uzito pande zote mbili. Msimamo wetu ni huu: umeme huu, ukisaidia, husaidia kidogo, na husaidia kile ambacho ubongo unakifanyia kazi wakati huo huo. Mtu anayekaa kimya akitazama ukuta, au mbaya zaidi akiperuzi matokeo ya mechi, hana anachokiimarisha. Watafiti 39 walitia sahihi barua ya wazi mwaka 2016 kuwaonya wanaojiwekea umeme nyumbani juu ya jambo hilo hilo: unachokifanya wakati wa kikao hubadili matokeo, mkondo hufika mbali kuliko chini ya sponji, na kupanda kwa uwezo mmoja kunaweza kushusha mwingine. Onyo la mwisho lina mfano. Mwaka 2013 Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh waliwafundisha watu alama mpya za namba kwa siku kadhaa huku wakiwekewa umeme. Waliowekewa upande wa nyuma wa ubongo walijifunza haraka, lakini alama hazikuwakaa kiasi cha kuja zenyewe bila kufikiri. Waliowekewa mbele walipata kinyume chake.

Swali ambalo hakuna aliyemuuliza

Katika mahojiano kijana alitaja kwa kupita tu kwamba miaka miwili nyuma mkono wake wa kushoto ulitetemeka wenyewe kwa dakika chache, akaanguka, na wenzake sokoni wakamwagia maji. Hakwenda hospitali. Amekulia Mbozi, nyumbani wanafuga nguruwe wa kuachiwa.

Kwa Nyanda za Juu Kusini maneno hayo mawili yakikutana yanapaswa kumsimamisha tabibu. Mbozi, Mbeya na wilaya jirani zina maambukizi ya tegu wa nguruwe. Mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo, yakimezwa kwa maji au mikono michafu huweza kuweka vifuko kwenye ubongo. (Kula nyama yenye vifuko humpa mtu mnyoo wa tumboni, vifuko vya ubongoni hutokana na mayai. Wengi huchanganya, na hata asiyekula kitimoto kabisa anaweza kuvipata.) Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unahusika na kama asilimia 30 ya kifafa katika maeneo mengi ulikozoeleka.

CT scan ilionyesha madoa mawili ya chokaa, moja likiwa upande wa kulia mbele: vifuko vilivyokwisha kufa. Vilivyokufa havihitaji dawa ya minyoo, lakini vinaweza kuendelea kuamsha kifafa, na uamuzi wa dawa ya kifafa uliachwa kwa daktari wa magonjwa ya neva. Tuseme wazi kwamba tDCS imejaribiwa hata kwa wagonjwa wa kifafa katika tafiti zenye uangalizi, na haijulikani kwa kuamsha kifafa kirahisi. Lakini kupitisha mkondo usiodhibitiwa juu ya kovu la ubongo, usiku, peke yako chumbani, ni hatari isiyo na faida ya kuifidia.

Kwa hiyo orodha ya maswali huja kabla ya tepu na sponji. Umewahi kuanguka, kutetemeka, kupoteza fahamu? Kuna chuma ndani ya fuvu, kifaa kwenye moyo au sikio la ndani? Umewahi kupasuliwa kichwa? Una mimba? Una kidonda au ukurutu pale tutakapoweka? Unatumia dawa gani? Dawa nyingi za akili na za kifafa hubadili matokeo ya umeme huu. Hapa kwetu ongeza: nyumbani mnafuga nguruwe, na choo kipo?

Kikao chenyewe kinapofanywa sawasawa

Kifaa kinachotumika kwa wagonjwa kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kama ni utafiti, kibali cha maadili kinapitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kitumie betri, na kisichajiwe kikiwa kichwani mwa mtu kwa hali yoyote. Futa ngozi kwa maji na kitambaa, usisugue hadi ichubuke. Lowesha kila sponji ya 5 kwa 7 kwa mililita 12 hivi za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ya dripu au gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji safi, nusu kila upande. Ikidondosha maji imezidi: maji yakitiririka yataunganisha sponji mbili na mkondo utapita juu ya ngozi bila kuingia. Kagua mpira kama umepasuka, maana nyufa hukusanya mkondo. Funga kwa mikanda ya mpira, isibane hadi sponji ikamuke.

Ukinzani ukisoma juu ya kilo-omu 10, usianze. Ongeza mililita mbili tatu, tenganisha nywele, kaza mkanda, pima tena. Panda kwa sekunde 30 hadi miliampia 2. Kazi ya mazoezi ianze hapo hapo. Kila dakika tano uliza kuchoma kumefika ngapi kati ya 0 na 10, na angalia ukinzani. Ukianza kupanda, sponji inakauka. Kuchoma kukizidi uvumilivu, shusha hadi miliampia 1 au simamisha. Dakika 20, shuka kwa sekunde 30, ondoa, kagua ngozi kwa namna tuliyoeleza, andika. Mpango wa kawaida ni kikao kimoja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki mbili. Sponji zisuuzwe kwa maji matupu, sabuni ikibaki ndani huunguza ngozi kikao kinachofuata.

Alichopangiwa

Kidonda kilisafishwa kwa maji ya chumvi, kikapakwa mafuta mazito na kufunikwa, chanjo ya pepopunda ikaangaliwa. Alikuwa ameanza kupaka dawa ya meno; akaambiwa aache. Atabaki na kovu dogo.

Kuhusu kubeti, tabibu alianzia mahali pesa inapopitia. Mapato ya kibanda yanaingia kila jioni kwenye kikundi cha VICOBA cha dada yake kabla ya saa kumi na mbili, na kwenye simu kinabaki cha nauli na chakula. Akaunti za kubeti zilifungwa mbele ya mshauri, programu zikaondolewa. Saa tatu usiku ikapangiwa kazi maalumu iliyoandikwa kwa maneno yake: ikifika saa tatu na mkono ukaenda kwenye simu, naiweka kwenye chaja chumba kingine na kwenda kuoga. Sentensi ya namna hiyo, yenye saa, dalili na tendo, hufanya kazi vizuri kuliko ahadi ya jumla ya "nitaacha". Vikao vya ushauri vilipangwa mara moja kwa wiki, na daftari la mikeka liendelee ligi zikirudi, kwa sababu wiki zile ndizo zitakazoonyesha hali halisi.

Aliuliza kama kidonda kikipona anaweza kurudia kwa sponji kubwa na rezista sahihi. Alijibiwa hapana, na sababu zikaandikwa kwenye faili ili mhudumu mwingine asije kuanza upya: madoa mawili ya chokaa kwenye ubongo, tukio la kifafa ambalo matibabu yake bado hayajaamuliwa, na ngozi iliyoungua. Mstari wa mwisho wa faili unamtaka daktari wa neva aseme iwapo jibu hilo linaweza kubadilika baada ya mwaka mzima bila tukio jingine la kifafa, na kwamba hata likibadilika, iwe ndani ya utafiti wenye uangalizi, na kikao kiambatane na mazoezi ya kukataa mkeka.